Mrithi wa Mikono ya Skolastika

1

Mafundi wa karakana ya Ilula walipiga makofi siku ile Atuganile Mwakyoma alipopata hitilafu ya basi namba kumi na tisa kwa dakika nne. Skolastika Kihwele hakupiga. Alisimama kando ya meza ya vifaa, kitambaa chenye grisi mkononi, akimtazama binti yule anavyofanya kazi, na moyo ulimuuma kama mtu aliyeingia chumbani kwake akakuta mgeni amevaa nguo zake.

Atuganile aligonga habu ya gurudumu la nyuma mara mbili kwa kifundo cha kidole, akatega sikio. Akachomoa plagi ya sensa, akaifuta kwa dole gumba, akaipuliza huku jicho la kulia amelifumba. Kisha akagusisha sindano za mita.

"Kutu," alisema. "Maji yameingia kwenye plagi. Sensa yenyewe nzima."

Kugonga mara mbili kulikuwa kwa Skolastika. Kufumba jicho la kulia kulikuwa kwake pia. Alianza mwaka ule chembe ya chuma ilipomwingia jichoni, akakaa wiki nzima na bandeji. Jicho la Atuganile halikuwahi kuingiwa hata na mchanga. Alilifumba kwa sababu Skolastika alilifumba.

Mwaka uliopita kampuni ilimwomba avae kofia. Ilikuwa nyepesi, na iliambatana na glavu nyembamba kama ganda la kitunguu. Kwa miezi mitatu alifanya kazi zake za kila siku akiwa amevivaa, na kofia ikarekodi kila kitu: macho yanaanzia wapi, kidole kinakaza kiasi gani, ni wakati gani moyo unamwambia siyo hapa, nenda pale. Injinia Frumence Ndunguru, aliyetumwa na makao makuu, alimweleza kwa upole.

"Mama Kihwele, hii ni miaka ishirini na saba ya ustadi. Ukistaafu unaondoka nayo yote. Sisi tunataka ibaki."

Skolastika alitia dole kwenye mkataba kwa sababu alisifiwa, na kwa sababu hakuamini kwamba kofia inaweza.

Katika lugha ya kampuni yeye akawa chanzo, Atuganile akawa mrithi. Binti alikuwa na miaka ishirini na minne, ametokea Tukuyu, na kazi yake hadi hapo ilikuwa kuosha vipuri. Kila mchana kwa wiki sita alilazwa kwenye kiti cha zahanati ya kampuni, pazia limeshushwa, kofia ileile kichwani. Wiki ya saba alishika mita, na mikono yake ikajua.

Wiki sita. Skolastika alikuwa amekaa miaka miwili mizima kujifunza tu kutofautisha waya uliochoka na waya uliokatika.

Tangu hapo alianza vituko ambavyo yeye mwenyewe alivionea aibu. Aliacha kugonga habu kwa kidole, akawa anagonga kwa spana, mtu asije akasema anamuiga mtoto. Aliacha kufumba jicho. Siku ya tatu vumbi la breki lilimjaa macho yote mawili, akaenda bombani kunawa huku akilaani kimoyomoyo. Aligeuka, akamkuta Atuganile amesimama na kikombe cha chai.

"Pole mama. Nimekuletea chai."

"Sijaagiza chai."

"Najua. Nilitaka kukuuliza kidogo. Nikishika plagi ya basi la zamani, kuna kitu mkono unanikataza, lakini sijui ni nini. Ungenieleza ningeelewa."

"Umeshajua, unaniuliza nini?" Skolastika alichukua chai, akaimwaga kwenye ndoo ya maji machafu mbele ya binti, akarudi kazini.

Asubuhi iliyofuata dereva Gaudensi Mhema aliingia karakanani na kofia yake ya kazi kwapani. Kwa miaka kumi na mmoja mtu huyu alikuwa akivuka uwanja mzima kuja kumsalimia Skolastika kabla ya mtu mwingine yeyote.

"Kamwene, fundi," alisalimia. Skolastika akafungua mdomo kuitikia. "Atu yupo?"

2

Basi la Mhema lilikuwa namba ishirini na tatu, na tatizo lake lilikuwa la ajabu.

"Ninashuka mteremko wa Kitonga," alimweleza Atuganile, huku akionyesha kwa mikono jinsi kona zilivyokaa. "Nimejaza. Nakanyaga breki, basi linashika vizuri. Nafika kona ya kushoto, ile iliyokunjana, mara gurudumu la mbele kulia linaachia. Ni kufumba na kufumbua tu. Basi linasogea mbele kama limesukumwa, halafu linashika tena. Abiria hawajui. Mimi ndiye ninayetoka jasho."

"Taa ya dashibodi iliwaka?"

"Iliwaka, ikazima. Sensa ya mbele kulia."

Kila gurudumu la mabasi yale lilikuwa na sensa yake, kipande kisichozidi ukubwa wa kidole gumba, kilichokaa karibu na pete yenye meno. Pete ikizunguka, sensa inahesabu meno yanavyopita na kupeleka habari kwa kompyuta ya breki. Kompyuta inalinganisha magurudumu yote. Moja likionekana limesimama ghafla ilhali mengine yanazunguka, inaamini limejifunga na litateleza, basi inalilegezea breki kidogo. Ni jambo jema, kama gurudumu limejifunga kweli. Lakini habari za sensa zikikatika hata kwa nusu sekunde, kompyuta inaona gurudumu limesimama wakati halijasimama, na inalegeza breki palepale dereva anapoihitaji.

Atuganile alilipandisha basi kwenye lifti, magurudumu yakaning'inia. Akagonga, akachomoa, akafumba jicho, akapima. Sensa nzima. Akafuata waya kutoka kwenye plagi hadi kwenye kompyuta, akiutikisa kila baada ya shubiri moja huku anaangalia mita. Namba haikucheza. Akazungusha gurudumu kwa mkono. Meno yote yakahesabiwa. Hata hivyo akabadilisha sensa, kwa tahadhari, akatia dole kwenye kishikwambi. Bila dole la fundi wa umeme basi halitoki getini, na karakana nzima ilikuwa na madole mawili tu yaliyosajiliwa, lake na la Skolastika.

Kesho yake Mhema alirudi. Kona ileile, gurudumu lilelile.

Atuganile akabadilisha plagi. Siku iliyofuata Mhema akarudi tena, na safari hii hakusalimia mtu.

Skolastika aliyatazama yote haya akiwa kwenye basi jingine, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze alihisi mwili wake mwepesi. Alijikuta anaimba chinichini. Alipogundua anaimba alinyamaza, lakini raha haikuondoka. Kumbe mikono haitoshi, aliwaza. Kumbe kuna kilichobaki kwangu.

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Ijumaa Injinia Ndunguru angekuja kuidhinisha nakala ya ustadi ili ipelekwe kwenye karakana nyingine tisa, kuanzia Makambako hadi mpakani. Mrithi akishindwa na basi moja wiki ileile, maswali yangeulizwa. Wangerudi kwa chanzo. Wangevuka uwanja kumsalimia.

Na jibu alikuwa nalo. Alilipata mara tu Mhema aliposema maneno mawili, "nimejaza" na "kushoto". Basi lililojaa, likikata kona ya kushoto, linaulalia upande wa kulia. Springi ya mbele inajikunja, gurudumu limegeuzwa, na waya unaolifuata gurudumu unapinda kuliko unavyopinda wakati mwingine wowote. Kama shaba imekatika ndani ya mpira, ncha zinaachana. Kwenye lifti gurudumu linaning'inia, waya unanyooka, ncha zinakutana, mita inasema kila kitu kizuri. Waya wa namna hiyo haupimwi hewani. Unapimwa basi likiwa limesimama kwa miguu yake, limebeba uzito, usukani umekatwa, na fundi yuko chini yake.

Yaani shimoni.

Shimo la karakana ya Ilula lilikuwa pembeni kabisa, refu, lenye ngazi saba za saruji. Mafundi wa injini walilitumia kumwaga oili. Skolastika alimwona Atuganile anaweka mita mezani, anasimama kufikiri, kisha anatembea kuelekea kule. Ameshajua, aliwaza, na raha yote ikamtoka.

Binti alifika ukingoni. Akasimama. Alitanguliza mguu kwenye ngazi ya kwanza, akaurudisha. Mkono wake wa kushoto ukapanda ukashika shingo, chini kidogo ya koo, vidole vimekaza. Mgongo wa ovaroli yake ukalowa jasho. Alikaa hivyo labda dakika moja, halafu akageuka akaondoka haraka, akiwa na uso wa mtu asiyejua kilichompata.

Skolastika aliutambua ule mkono shingoni.

3

Miaka kumi na minne kabla ya hapo, katika gereji moja ya Makambako, lori lilimlalia. Jeki iliteleza, ekseli ikashuka ikasimama kifuani kwake. Haikumponda. Ilimbana tu, kwa muda ambao hakupenda kuuhesabu, hadi wenzake walipolinyanyua. Aliwaambia amechubuka kidogo. Kesho yake alikwenda kazini.

Lakini hakuingia tena chini ya gari lililosimama kwa uzito wake. Shimoni ndiyo hata kuchungulia hakuweza bila mkono kumpanda shingoni. Alipohamia Ilula aliamuru kila kipimo cha sensa kifanyike kwenye lifti, akasema ni salama zaidi, ni kisasa zaidi. Alisifiwa. Wakaiandika kuwa kanuni ya karakana. Naye akalisema mara nyingi mpaka siku nyingine alisahau kwamba ni uongo.

Na ile kofia ilirekodi yote aliyoyafanya kwa miezi mitatu. Haikuuliza asiyoyafanya.

Kulikuwa na jambo jingine, ambalo hakulisema hata kanisani. Miaka sita iliyopita dereva mmoja, Lameck Chengula, alilalamika mara tatu kwamba breki ya basi lake inaachia kwenye kona. Mara tatu Skolastika alipima kwenye lifti, mara tatu akatia dole: sensa nzima. Safari ya nne Chengula aligonga kingo za Kitonga. Abiria wawili walivunjika miguu. Ripoti ilisema dereva alikanyaga breki vibaya, wakamnyang'anya leseni. Sasa aliuza vitunguu Ruaha Mbuyuni, na kila basi la kampuni liliposimama pale madereva walimletea Skolastika kifurushi cha vitunguu hivyo, naye hakuwahi kuvila. Alivigawa kwa majirani.

"Mama Kihwele!" Mhema aliita kutoka mlangoni. "Abiria wangu wameshafika. Tunaondoka saa nne au hatuondoki?"

Uwanjani watu hamsini na kitu walikuwa wamesimama na mizigo yao, matenga ya nyanya, mabegi, mama mmoja na mapacha. Atuganile alikuwa amekishika kishikwambi. Uso wake ulikuwa umesawijika kwa uchovu. Sensa mpya, plagi mpya, vipimo safi. Kanuni ilimruhusu kabisa kutia dole. Kanuni ya Skolastika.

Hapo ndipo mwanamke huyu alipokaa na nafsi yake, kwa muda ambao mtu angemeza mate mara tatu. Akinyamaza, binti atatia dole. Pengine basi litashuka salama kama lilivyoshuka jana na juzi, litarudi na lalamiko la nne, na kesho Injinia atamkuta mrithi ameaibika. Hilo ndilo alilolitaka. Alilitaka kwa uchu. Na pengine basi halitashuka salama.

Atuganile alinyanyua dole gumba.

"Usitie," Skolastika alisema.

Binti aligeuka. Mafundi nao wakageuka.

"Kwa nini nisitie, mama? Nimepima kila kitu."

"Hujapima kila kitu. Na mimi sijawahi kupima kila kitu. Njoo."

4

Walisimama kwenye ukingo wa shimo, wawili tu.

"Kama unataka kunicheka, nicheke hapahapa," Atuganile alisema. "Unanionea wivu, mama. Karakana nzima inajua. Nimekusalimia kila siku, nimekuletea chai ukaimwaga. Mimi sikuiba. Waliniita, wakanilaza kwenye kiti."

"Ndiyo, nakuonea wivu," Skolastika alisema. "Hata sasa hivi. Lakini hebu niambie, asubuhi ulifika hapa ukarudi. Kwa nini?"

Mkono wa Atuganile ulianza kupanda kuelekea shingoni, akaushusha.

"Sijui. Nyumbani kwetu nilikuwa naingia visimani kutoa ndoo zilizozama, sikuwahi kuogopa. Ila tangu nirithi..." Alitafuta maneno. "Nikifika hapa kifua kinabanwa. Na usingizini naota nimelaliwa na chuma. Daktari wa kampuni alisema nimechoka."

"Hujachoka. Hiyo hofu siyo yako. Ni yangu. Umepewa pamoja na mikono."

Alimweleza kwa maneno machache: lori, Makambako, kwa nini kila kitu hupimwa kwenye lifti. Hakueleza zaidi ya hapo. Akamweleza waya ulivyo, na jinsi unavyojificha. Atuganile alisikiliza, na kadiri alivyosikiliza macho yake yalizidi kuwa makali.

"Ulijua tangu lini kwamba waya ndio mbovu?"

"Tangu Mhema alipotaja kona ya kushoto."

"Jumanne."

"Jumanne."

"Na leo Alhamisi. Mara mbili wameshuka na hilo basi, mama. Mara mbili."

Skolastika alivua kitambaa kichwani, akajifunga upya, akachukua mita mezani. "Leteni basi," alisema kwa sauti. "Mhema, pandisha abiria wakae kwenye viti vyao, na mizigo yote. Wekeni vizuizi kwenye magurudumu. Mimi ndiye nitakayeshuka."

Basi lilisogezwa taratibu hadi likafunika shimo. Abiria walipanda wakinung'unika. Kwa kila aliyeingia basi lilididimia kidogo. Skolastika alisimama kwenye ngazi. Ya kwanza. Ya pili. Juu yake tumbo jeusi la basi lilikuwa limefunga mwanga wote isipokuwa ufa mwembamba. Ya tatu. Miguu ikamkatalia. Hakuanguka, hakulia, alishindwa tu, kama mtu anavyoshindwa kunyanyua kitu kizito kuliko yeye. Alikaa kwenye ngazi ya tatu, mita kifuani, pumzi zinakatika.

Mkono ulimgusa begani. "Nipishe, mama."

"Utaona ninachokiona."

"Nimeshakiona. Nipishe."

Atuganile alichukua mita akampita. Skolastika aliusikia mwili wa binti ukitetemeka ulipomgusa kupita, kutetemeka kulekule kwake, hata mdundo wake ulikuwa uleule. Alimwona anafika ngazi ya nne, anasimama, kichwa kimeinama. Rudi juu, Skolastika aliwaza, na hakujua kama anamwonea huruma au anamwombea ashindwe. Atuganile akashuka ngazi ya tano. Ya sita. Akafika chini.

Na huo ndio uliokuwa wivu mkubwa kuliko yote. Ustadi alipewa. Hofu alipewa. Lile la kushuka hakupewa na mtu. Kofia haikuwa nalo, kwa sababu Skolastika mwenyewe hakuwa nalo.

Sauti ilitoka chini, nyembamba. "Nani yuko kwenye usukani?"

Skolastika aliinuka, akajikokota hadi mlango wa dereva, akamwambia Mhema ampishe. Akakaa. Nyuma yake watoto mapacha walikuwa wanagombea biskuti.

"Mimi," alisema.

"Kata kushoto. Polepole."

Alikata. Usukani ulikuwa mwepesi. Aliukata hadi mwisho akaushikilia.

"Bado. Namba imetulia. Waambie abiria wahamie upande wa kulia."

"Jamani, naomba wote mkae upande wa kulia," Skolastika aliwaambia. "Ndiyo, bebaneni. Dakika moja tu."

Watu walicheka, wakabebana. Basi likalala. Huku ameushikilia usukani, Skolastika aliomba vitu viwili vilivyopingana.

"Hapo!" Sauti ya Atuganile ilipanda. "Hapo, shikilia hivyohivyo! Imekatika! Rudisha. Imerudi. Kata tena. Imekatika! Ni pale kwenye kibano cha springi, mpira mzima kabisa kwa nje, lakini ndani hamna kitu!"

Mhema alijifuta uso kwa kofia yake. Basi zima likapiga makofi bila kujua linapigia nini.

5

Ijumaa Injinia Ndunguru aliuweka ule waya mezani, umechanwa, nyuzi za shaba zimesimama kama mswaki uliochakaa. Aliusoma ukurasa wa ripoti mara mbili. Skolastika alikaa mbele yake. Atuganile alikuwa anasubiri nje kwenye benchi.

"Mama Kihwele, ngoja nikueleze jinsi hii karatasi inavyofanya kazi," alisema. "Kuna sehemu ya mrithi na sehemu ya chanzo. Tukisema dosari ni ya mrithi, kwamba binti hakupokea vizuri, tunamfuta. Anarudi kuosha vipuri, tunamlaza mwingine kwenye kiti wiki ijayo. Nakala inaendelea, jina lako linabaki safi." Alishusha sauti. "Wengi wangeona hivyo ndivyo ilivyo. Anaota ndoto mbaya, daktari ameandika."

"Na tukisema ni ya chanzo?"

"Nakala inasimamishwa. Dole lako linafungwa mpaka kazi zako zote za nyuma zipitiwe. Zote."

Wiki mbili nyuma angeipokea nafasi ile kwa mikono miwili. Hata sasa aliitazama. Mtoto arudi kwenye ndoo ya mafuta ya taa na brashi. Madereva wavuke uwanja. Yeye apige habu kwa kidole chake, bila mtu mwingine duniani kuipiga vile. Ingetosha kukaa kimya, na kwa kukaa kimya alikuwa hodari.

Alivuta karatasi, akaandika kwenye sehemu ya chanzo, kwa herufi kubwa ili zisomeke. Aliandika shimo. Aliandika lifti na sababu yake. Aliandika namba ya basi la Lameck Chengula na tarehe tatu alizozikumbuka bila kutazama popote. Alipofika kwenye mstari wa aliyegundua hitilafu, kalamu ilikwama. Yeye ndiye aliyejua tangu Jumanne. Aliandika Atuganile Mwakyoma, na jina hilo lilimuuma kuliandika, kila herufi.

Injinia alisoma. Aligeuza kishikwambi, akagusa mara mbili, na jina la Skolastika kwenye orodha ya madole likawa la kijivu.

"Leo nampigia simu mwanasheria wa kampuni kuhusu Chengula," alisema. "Binti nitamwachia urithi wake, akipenda. Nitamtuma kwenye zile karakana tisa akakague mashimo. Hakuna mwingine anayejua cha kutafuta."

Tisa. Skolastika aliitikia kwa kichwa, akatoka.

Atuganile alisogea kwenye benchi kumpa nafasi. Walikaa. Uwanjani Mhema alikuwa anapakia, basi ishirini na tatu limeoshwa, linang'aa.

"Nimesikia," Atuganile alisema. "Ukuta ni mwembamba."

"Basi utasafiri."

"Sijakusamehe ile Jumanne, mama."

"Sijakuomba."

Kisha binti alisema, bila kumtazama, "Hofu ninayo. Kisa chake sina. Kila nikishuka nitashuka na kitu nisichokijua. Nisimulie siku hiyo. Yote."

Skolastika alihisi yale maumivu ya zamani yakipanda. Kugonga wamechukua, jicho wamechukua, dole limefungwa. Siku ile ya Makambako ilikuwa kitu pekee ambacho hakuna kofia iliyowahi kukigusa, na huyu sasa anakitaka nacho. Alitaka kusema hapana. Neno lilikuwa tayari mdomoni.

"Ilikuwa saa saba mchana," alisema. "Jeki haikupiga kelele ilipoteleza. Na mimi sikuwa na pumzi ya kupiga kelele. Wenzangu walikuwa wanakula, hatua kumi tu kutoka nilipolala. Niliwasikia wanacheka. Wakamaliza, wakanawa, wakaanza kubishana habari za mpira, na mimi niko palepale. Sijawahi kumwambia mtu kwamba niliwasikia."

Atuganile alikuwa ameweka mkono shingoni.

"Ndiyo maana," alisema polepole. "Jana kule chini nilisikia harufu ya dagaa."

Skolastika aligeuka akamtazama. Hakuwa ametaja dagaa.

"Wa kukaanga," alisema.

"Na nyanya," Atuganile alisema. "Na pilipili, nyingi mno."

"Nyingi mno," Skolastika alisema.